Neno la Tatu Ubaoni

Jua lilikuwa limeshuka hadi kwenye mabati ya nyumba za Migori, na Bitutu bado alikuwa mlangoni, mtoto kiunoni, akimbembeleza mama mkwe wake.

"Mama, darasa si refu. Bathsheba ameshiba, nimembadilisha. Hata atalala mwenyewe."

Mong'ina hakugeuza uso. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, sinia ya mchele mapajani, akichambua kwa ncha za vidole.

"Mimi si yaya," alisema. "Mchana niletee hata watatu. Jioni mtoto akae na mamake."

Na huyu ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwambia aende ngumbaru, darasa la watu wazima! Mwanzoni mwa mwaka alikuwa akimpokonya mtoto mikononi na kumsukuma nje: nenda, nenda, usije ukafuta vumbi kwa watu maisha yako yote. Kisha akabadilika. Bitutu alijipekua moyoni atafute alipokosea, asipaone. Juzi jioni walipishana karibu na soko, yeye akamtolea tabasamu lake lote, na mama mkwe akapita kama aliyepita nguzo ya stima. Mchele aliouchambua ulikuwa na mawe, mpaka Kerosi, mume wa Bitutu, aliporudi Jumamosi kutoka machimbo ya dhahabu ya Macalder, akashika shavu na kulalamika. Bitutu aliona ni makusudi. Aliosha sufuria kwa machozi.

Lakini leo hakuwa na pa kukimbilia. Mwalimu Kultum alikuwa amesema wazi: mtihani u karibu, anayekosa darasa tena hamwandikishi. Na kumbeba Bathsheba hadi darasani hakukuwezekana, kwa sababu mara ya mwisho alitambaa hadi chini ya ubao akala chaki, akatapika kwenye viatu vya watu. Bila cheti cha mtihani huo, kazi ya kupokea wagonjwa kwenye zahanati ya misheni ingekwenda kwa mwingine, naye angebaki kufulia watu nguo.

Basi akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliondoa sinia, akamweka mtoto mapajani pa Mong'ina, akasema, "Nisamehe, Mama," akaondoka mbio kabla hajajibiwa.

Darasani alifika anahema. Mwalimu Kultum, mzaliwa wa Isiolo ambaye mumewe alikuwa na duka la vitambaa pale mjini, alikuwa ameshaandika maneno matatu ubaoni: look, see, watch.

"Yote ni kuangalia, mwalimu," alisema Ondieki, mwenye bucha, kutoka nyuma. "Wazungu wanapenda tu kusumbua watu."

"Haya, Ondieki. Kitu kimepita mbele ya bucha yako, ukageuza macho upande huo. Hiyo ni look. Macho yakakuletea habari kwamba ni mbwa, si mteja. Hiyo ni see. Sasa mbwa ameketi hapo mlangoni, anatamani maini. Wewe unafanyaje?"

"Simwondolei macho hata dakika, mpaka aende kwao!"

"Basi hiyo ni watch. Kila siku unaifanya, na hujui ni Kiingereza."

Wakacheka wote. Bitutu alicheka pia, ila mawazo yake yalikuwa nyumbani. Ndipo mlango ukasukumwa, na mwanamke akasimama pale, mtoto mgongoni amefungwa kanga, mkono mmoja umeshika fremu.

"Mama Bathsheba yuko hapa?"

Alikuwa Mong'ina.

"Chukua mtoto wako," alisema, akielekeza maneno upande ambao Bitutu hakuwako. "Chukua kabla giza halijanizibia njia."

Bitutu alisikia "chukua mtoto wako" tu. Masikio yalimwaka. Kuaibishwa mbele ya watu wote! Alisimama, akamfungua Bathsheba mgongoni, akijua kwamba masomo yake yameishia hapo.

"Mama amekuja kujiandikisha!" Ondieki alitania.

Mwalimu Kultum alitaka kulipoza jambo. Akamshika mgeni mkono, akamketisha kwenye dawati la mbele. "Karibu sana, mama yangu. Pumzika kwanza, na utusaidie somo." Akatoa kibiriti mfukoni, akakiinua. "Look. Tazama hapa. Umeelekeza macho?"

"Nimeelekeza."

"Sasa see. Nimeshika nini?"

Mong'ina alinyoosha shingo, akakaza macho.

"Kibiriti, bibi," Ondieki alinong'ona.

"Nyamaza wewe," mwalimu alisema. Hakuwa akitabasamu tena.

Mong'ina alikunja mikono mapajani. "Mwalimu, nimesimama hapo nje kitambo nikikusikiliza. Hilo neno lako la kwanza ninalo. La pili, jua likishuka, linanikimbia. Nabaki na ukungu, na ndani ya ukungu kuna kitu, sijui ni mtu au ni mlango." Akageuza uso, akitafuta. "Sasa huyu ananiachia mtoto anayetambaa, na jiko la makaa liko katikati ya nyumba. Hilo la tatu nilifanye kwa macho gani?"

Hata Ondieki aliinamisha kichwa.

"Mama, mbona hukuniambia?" Bitutu aliuliza.

"Nikuambie ili Kerosi anirudishe kijijini nikakae na mbuzi? Mtoto huyu nimemzoea."

"Na mimi nilidhani umenichukia! Sokoni ulinipita!"

"Sokoni lini?" Mong'ina alishangaa kweli.

Bitutu alitaka kulia, akajikuta anacheka. Alicheka mpaka Bathsheba naye akacheka bila kujua sababu. Mzigo alioubeba tangu masika ulimtoka mabegani, akahisi angeweza kumbeba mama mkwe na mtoto kwa pamoja hadi nyumbani.

"Huo ni ugonjwa wa mtoto wa jicho," alisema Mwalimu Kultum. "Mama yangu alikuwa nao. Madaktari wa macho wanakuja Homa Bay, wanauondoa."

"Mtoto mwingine tena?" alisema Mong'ina. "Huyu mmoja amenishinda!"

Tangu jioni hiyo mpaka siku ya safari ya Homa Bay, kila darasa Bathsheba alikaa mapajani pa mwalimu mwenyewe, na chaki zikapandishwa juu ya kabati.

Huko Homa Bay, asubuhi baada ya upasuaji, muuguzi alipobandua bandeji, Mong'ina alipepesa macho muda mrefu. Aliangalia dirisha, akaangalia ziwa lililometameta kule chini. Kisha akamgeukia Bitutu, safari hii sawasawa.

"Umekonda hivyo tangu lini? Na huyu," akamvuta mtoto kidevu, "mbona hamkuniambia ana meno?"

"Tulikuambia, Mama."

"Kuambiwa!" alisema, akaangalia yale meno tena, moja moja.

Waliporudi Migori, jioni ya kwanza ya darasa, Mong'ina alilihamisha jiko nje, akampokea Bathsheba, akaketi. Bitutu alifika mlangoni akasimama. Nyuma yake, mtoto alikuwa anatambaa kuelekea sinia ya mchele, na mkono wa bibi ukamdaka mguu kabla hajaifikia.

"Mbona huendi?" Mong'ina aliuliza bila kumwondolea mtoto macho.

"Nawaangalia tu."

"Hiyo ni kazi yangu. Toka, utachelewa."