Fisi wa Zombe Anayefunga Lango

"Haki ya Mungu, hii ni kweli tupu. Kama nadanganya, radi inichape hapa hapa," aliapa Mzee Kitheka kwenye kibanda cha chai sokoni Zombe. "Fisi mwenyewe ana ukubwa wa ndama. Anafungua lango la zizi, anachagua mbuzi mnono, na akitoka analifunga."

Watu walicheka hadi chai ikawapalia. Tangu astaafu kuendesha greda, Kitheka hakuwa na kazi nyingine ila kutia hadithi chumvi.

Mara hii, hata hivyo, chumvi ilikuwa inamchoma mwenyewe. Mbuzi waliokuwa wakitoweka walikuwa wa ntheo, wa kupelekwa kwa kina msichana ili posa ya mwanawe Nzomo ianze. Aliyewachukua ni Nzomo. Alianza kwa kutafuna muguka, majani ya kuchangamsha, na wachimba mchanga wenzake, wapate nguvu. Muguka ukamnyima usingizi, akatafuta tembe za kumlaza. Sasa akizikosa alitetemeka kama mwenye malaria, na muuzaji wake alikubali kulipwa mbuzi.

Nyumbani mkewe, Katunge, alimkazia macho. "Baba Nzomo, ni fisi gani huyo anayekula posa yake mwenyewe?"

"Nikisema ni Nzomo, nani atampa binti?"

"Na usiposema?"

Kitheka akajifanya anatafuta kofia.

Asubuhi mbuzi mwingine alipotoweka, ndipo hadithi ilipomrudia. Nzuki, mrina asali wa kijiji, alifika na wanaume watano na mishale ya sumu.

"Mzee, leo tunakuondolea fisi wako," alisema. "Tumesikia kengele ya mbuzi vichakani, kule mto mkavu."

"Labda ameshahama," Kitheka alisema.

"Bila kufunga lango?" mmoja akamtania.

Kitheka akawafuata. Chini ya kichaka kizito kitu cha kijivu kilijongea, kikatoa mkoromo wa ajabu. Kitheka alilijua koti hilo. Nzuki akavuta upinde.

"Shusha."

"Mzee, tulia, atatoroka."

"Shusha, Nzuki. Ni Nzomo. Fisi hajawahi kuwako."

Nzuki alimtazama, kisha akalegeza kamba ya upinde polepole.

Walimkuta Nzomo kifudifudi, midomo ya kijani kwa muguka, povu likimtoka, mbuzi amefungwa kwenye kifundo cha mguu wake. Walimwita, hakuitika. Wakampakia kwenye bodaboda, amebanwa kati ya dereva na kijana mmoja, Katunge akifuata kwa nyingine.

Jioni Katunge alipiga simu kutoka hospitali. Nzomo anapumua, lakini hajafumbua macho.

Wakati huo wazee walikuwa wameshakaa uani. Anayewatoa watu na silaha kwa uongo hulipa mbuzi wa kuliwa, na hilo halikuwa na mjadala. Zizini alibaki mmoja tu, yule aliyetoka kichakani.

"Mtoto yuko hospitali," Nzuki alisema. "Faini hii tunaweza kuiahirisha."

"Msiiahirishe," Kitheka alijibu. "Niliapa mbele za watu."

Akamleta mbuzi mwenyewe, akamlaza chini. Mzee mmoja, kwa mazoea tu, akauliza, "Na fisi je?"

Wote wakageuka kumsikiliza.

"Mama yake amemshika mkono," Kitheka alisema, akakaza miguu ya mbuzi ili Nzuki achinje.