Gauni la Dirishani

Wengine hupona kwa maombi, wengine kwa dawa. Mimi nilipona kwa kinyongo. Kila tonge nililomeza baada ya kutoka hospitali nililimeza nikimuwaza shangazi yangu, na nikitafuna ilikuwa kama namtafuna yeye. Mama mdogo, aliyekaa nami mezani asubuhi, mchana na jioni hadi nikaweza kula peke yangu, alidhani ni maneno yake yaliyonitia moyo. Sikumwambia moyo ulikuwa umejaa nini.

Shangazi ana duka la kukodisha magauni ya harusi. Baba, kaka yake, alipofariki, alinichukua nikiwa bado shule, na nikawa mwili wa kujaribia nguo. "Simama wima, Sindano," alikuwa akiniambia, midomo imebana pini. Sindano ni jina alilonipa yeye. Gauni likinipwaya alifurahi kama mtu ambaye mtoto wake amefaulu mtihani. "Mnaona? Huyu hata umvishe gunia, linamkaa." Udongo wa kaburi la baba ulikuwa haujakauka na hapakuwa na mwingine wa kunisifu. Nikaanza kupungua kwa kutaka, kisha nikawa napungua na siwezi kuacha. Watu hudhani ugonjwa huu ni wa kutopenda chakula. Wapi! Chakula nilikiwaza tangu kuamka mpaka kulala. Nilichokipenda zaidi ni kusikia lile jina likitamkwa kwa furaha.

Kulikuwa na gauni moja la lesi, fahari ya duka. Shangazi alilibana kwenye mbavu zangu, akalibana tena, na bado akarudia. Siku ya mwisho ya kulibana nilikuwa nasikia baridi mchana kweupe, nywele zangu zinabaki kwenye kitana, na mikono imeota malaika laini kama ya kifaranga. Akaita mpiga picha. Picha ikakuzwa ikawa kubwa kuliko mlango, ikawekwa dirishani, na gauni lenyewe likavishwa sanamu pembeni yake.

Wiki hiyo hiyo nilianguka mbele ya wateja. Shangazi akawaambia ni malaria. Daktari alipomweleza ukweli, alijibu kuwa magonjwa ya namna hiyo ni ya kwenye televisheni, akaendelea na malaria yake. Mabibi harusi wakawa wanaingia dukani na kuionyesha picha kwa kidole: "Nataka niwe kama huyu." Huyu alikuwa wodini, analishwa kwa mrija.

Leo mimi ni fundi, nina chumba changu na cherehani yangu. Nimemwomba Shangazi aishushe ile picha, nimeomba kwa adabu na nimeomba kwa machozi. Jibu lake ni lile lile: "Picha ndiyo inayouza, mwanangu. Usiwe na donge." Donge ninalo. Nimelilea kama mtoto.

Basi mwaka huu mwanawe wa mwisho, tunayemwita Kitinda, akapata mchumba. Shangazi akanitumia lile gauni kwenye mfuko, kisha akanipigia simu.

"Sindano, lesi ya begani imelegea. Ishike vizuri, Kitinda ndiye atakayelivaa."

"Halimwingii, Shangazi."

"Litamwingia. Anajitahidi."

Hata mimi nilijitahidi.

Kitinda alikuja kupimwa. Mtoto huyu ndiye aliyekuwa mcheshi wa familia, wa kugombania ukoko na kucheka mpaka anapaliwa. Alikuja amevaa sweta juani. Nilikuwa nimeandaa mkate na mayai, nikamsogezea sahani.

"Nimeshakula, Dada."

Alilisema upesi mno. Nalijua lile jibu, nimelitumia miaka. Nikamshika mkono kama namnyoosha nimpime. Baridi. Malaika yameanza.

"Mama amesema nikiingia kwenye lile gauni, atashusha picha yako," akaniambia, kama anayeniletea zawadi. "Ataweka yangu."

Nilitoka nje. Nilimchukia Shangazi siku ile kuliko nilivyomchukia wodini, na wodini nilimchukia sana. Wazo la kwanza lilikuwa kulichoma lile gauni. Lakini kulichoma ni kumpa msiba, na mwenye msiba hupewa pole. Mimi nilitaka aibu.

Nikalifumua.

Nguo ya kukodisha haikatwi, huo ndio utaratibu wa kazi. Leo inavaliwa na mwembamba, kesho na mnene, kwa hiyo ukiibana unakunja kitambaa ndani na kushona juu yake. Nikakata mishono kwa wembe, uzi baada ya uzi, mistari yote mitatu ya kila ubavu. Kila mstari niliukumbuka pamoja na sifa nilizopewa siku uliposhonwa. Nilipolikunjua nikakuta jambo ambalo sikulitarajia. Gauni lilikuwa limekaa juani dirishani miaka yote hiyo na kuwa manjano, Shangazi anaiita rangi ya maziwa. Kitambaa kilichofichwa ndani kilikuwa cheupe kama siku kilipotoka kwenye robota. Ubavu huu mstari mpana mweupe, na ubavu ule vivyo hivyo. Kila nilichopunguzwa kilikuwa pale, mtu anaweza kukipima kwa kiganja.

Nilicheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta.

Sitasema sikuogopa. Kulivaa lile gauni ilikuwa kama mlevi kuingia baa kunywa maji. Jumamosi asubuhi nilikula mkate na mayai, nikaongeza, kisha nikaenda nalo dukani. Walikuwa wamejaa mabibi harusi, mama zao na mashangazi zao. Kitinda husaidia pale kila Jumamosi. Nikamvuta nyuma ya pazia la kujaribia, nikalivaa, akanipandishia zipu. Ikapanda yote. Na hapo, nasema kweli, ile sauti ya zamani ikaniuliza kwa nini haijapwaya. Nikaiambia kaa kimya, leo si siku yako.

"Dada, huu weupe ni nini?"

"Ngoja usikie."

Nikatoka, nikaenda kusimama dirishani chini ya picha yangu. Watu wakanitazama, wakatazama juu, wakanitazama tena.

"Ndiye yeye?" akauliza mama mmoja aliyekuja na bintiye. "Mbona gauni lina mistari?"

"Ndiye mimi, mama. Huu weupe ndio mwili nilioondolewa hapa dukani ili nipigwe picha ile. Wiki ile ile nilianguka hapo ulipokanyaga."

Shangazi alikuja anatabasamu, futi ya kupimia shingoni. Alipofika karibu tabasamu lilikuwa limekwisha. "Mtoto huyu aliugua malaria," akawaambia wateja. Kisha kwa sauti ya chini, "Vua. Unanivunjia biashara."

"Nitavua. Sema kwanza niliugua nini."

"Usinitie aibu, nimekulea!"

"Sema, Shangazi. Daktari alikutajia."

Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wakati mwingine kifo hukawia na kazi hiyo hufanywa na mtu wa nyumbani. Pazia likasogea. Kitinda alikuwa amevua lile sweta, na mikono yake ilionekana na kila mtu.

"Mama," akasema, "mimi sijala tangu jana asubuhi. Unajua. Jana usiku ulinisifu."

Yule mama aliyeuliza swali akamshika bintiye mkono wakatoka. Wakafuata wengine, kimya kimya, kama watu wanaotoka msibani kabla ya chakula. Shangazi alibaki katikati ya duka ameshika ncha mbili za futi yake. Sura ile niliingoja ujana wangu wote. Niliitazama kwa makini, sikuharakisha. Akamtazama mwanawe mikono, na kwa mara ya kwanza nikamwona anapima kitu asichokipenda. Sikumwonea huruma. Pengine ipo siku.

Nikavua gauni, nikaivisha sanamu yake, mistari myeupe ikielekea barabarani. Picha aliishusha mwenyewe. Nilisikia ikigonga sakafu nikiwa mlangoni na Kitinda.

Nyumbani nilikata mkate, nikakaanga mayai, nikakaa kama Mama mdogo alivyokuwa akikaa nami. Kesho hospitali, tumekubaliana. Kitinda aliukata mkate wake vipande vidogo, kisha vidogo zaidi, akavipanga. Sikumwambia ale. Nilikula wangu.

Simu yake ikalia mezani. Ikanyamaza, ikalia tena.

"Ni Mama," akasema. "Analia, nina hakika analia."

"Mwache alie."

Alikiokota kipande kimoja, akakishika muda mrefu. Simu ikaanza upya, inatetemeka mpaka sahani zinagongana. Akaitazama, akakitia kile kipande kinywani.

"Tafuna," nikamwambia. "Tafuna kama ni yeye."