Sinia la Mzee Kificho

Mwaka ule wa sabini na moja Mzee Kificho hakuwa na cheo chochote katika chama, na hilo ndilo lililowatia watu hofu. Mwenye cheo unaweza kumsubiri mpaka kimwishie. Huyu alikuwa mmoja wa waliolifungua tawi lao la Kikwajuni, zama zile bendera wakiishona kwa mkono, na tangu hapo hakuna aliyekalia kiti cha uenyekiti bila ya ridhaa yake. Kura zilipigwa, tena kwa utaratibu wote, mikono ikanyanyuliwa na kuhesabiwa. Ila mikono yenyewe ilikuwa ishajua pa kuelekea, kwani mambo yalimalizwa kabla, nyumbani kwake Malindi.

Safari hii waliokitaka kiti walikuwa wawili: Silima, mume wa Mwanakheir, na Msabah, seremala, rafiki wa Silima wa tangu utotoni. Uchaguzi ulikuwa Jumapili.

Mwanakheir hakuutaka uenyekiti kwa fahari. Aliogopa, basi. Mwenyekiti aliyepita, Mzee alipompa mgongo, aliitwa akaulizwe maswali mawili matatu. Alirudi baada ya miezi, na mpaka leo ukimwamkia anatazama chini. Mtu aliyeutaka ukubwa akaukosa hana pa kujificha, hivyo ndivyo Mwanakheir alivyoona, na tangu jina la mumewe litajwe usingizi ulimpaa.

Alhamisi kulikuwa na hitma ya marehemu mke wa Mzee Kificho. Wanawake walikaa ghorofani, wanaume chini uani, na aliyeegemea ukingo wa roshani ya ndani aliwaona wote. Kisomo kilipokwisha, masinia ya pilau yakaanza kutoka jikoni. Hapo ndipo shingo zilipoanza kurefuka, maana hakuna mwana tawi asiyejua cha kutazama katika karamu za Mzee: nani ameitwa kula sinia moja naye.

"Msabah, njoo huku," Mzee akaita. Akaita na wengine watatu. Kisha akageuka. "Silima, wewe wasimamie watu wapate kula."

Mwanakheir alihisi uso unamwaka moto. Mumewe, mgombea mzima, akapita baina ya mikeka kashika birika la kunawia, huku Msabah anakatiwa mnofu kwa mkono wa Mzee mwenyewe. Ubavuni pake Shemsa, mke wa Msabah, alijitengeneza mtandio.

"Leo Baba Tabia kapewa kazi, shoga," alisema Shemsa, akimwita Silima kwa jina la mwanawe, na Mwanakheir aliliona tabasamu lake hata kabla halijatoka.

Kufika nyumbani alimvaa mumewe. "Msabah kakuchongea. Huoni?"

"Mzee kanambia nisimamie, nimesimamia. Kuna nini?"

"Huna unachonificha?"

Silima akafungua kinywa, akakifunga, akasema ana usingizi. Mwanakheir alimjua mumewe. Lipo jambo, na kama lingekuwa la kheri angelisema. Ijumaa nzima alilipika jambo hilo kichwani, akalitia viungo mwenyewe, mpaka likaiva: Msabah keshamchongea Silima kwa Mzee kwa maneno ya uongo, na Jumapili ikipita watakuja kumchukua. Dawa ilikuwa moja tu, kumuwahi Msabah.

Jumamosi asubuhi alivaa buibui lake akenda Malindi. Mzee Kificho alikuwa barazani peke yake anamenya chungwa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kaa kitako."

"Nimekuja Baba Tabia hana habari. Kuna jambo limenikaa kifuani."

"Liseme."

"Msabah si mtu wa kuaminiwa. Kasema chama kimetusahau. Ati wakubwa wanakula washibe, na sie twapanga foleni tangu alfajiri kwa mchele wa wadudu."

Kisu hakikusita. "Kayasemea wapi?"

"Kwetu. Alikuja kula."

"Lini?"

"Mwezi wa Rajabu."

"Na mumeo alikuwapo?"

"Alikuwapo, Mzee, lakini hakumuunga mkono. Alinyamaza kimya." Alilisema hilo kwa fahari kidogo, maskini, kama anayetoa ushahidi wa kumwokoa mtu.

Mzee alilimaliza chungwa lake, akaliweka juu ya kisahani.

"Msabah nilimwita sinia langu kwa kuwa simwamini," alisema taratibu. "Mtu wa namna hiyo nnapenda kula naye, nimtazame usoni. Mumeo nilimwachia nyumba yangu. Kwenye shughuli mgeni ndiye anayekalishwa akala, mwenye nyumba huwa wima. Kwenu hamfanyi hivyo?"

Kwao walifanya hivyo. Baba yake Mwanakheir, siku ya harusi yake, hakutia tonge kinywani mpaka mgeni wa mwisho aliponawa. Alilijua tangu mdogo, na juzi pale roshani hofu ilikuwa imemfumba macho.

"Jumatano nilimwambia Silima kiti ni chake," Mzee akaendelea. "Nikamwambia asimwambie mtu, hata mkewe. Hakukwambia?"

"Hakunambia kitu, Mzee."

"Hodari wa kunyamaza, basi. Rajabu, Shaabani, Ramadhani, Mfunguo Mosi. Miezi yote hiyo anakaa na maneno yale, na kila Ijumaa anakuja kunipa mkono."

"Mzee, walikuwa wanakula tu. Yalikuwa maneno ya chakulani."

"Kamwambie aje. Na aje na mwenzake." Akamtilia chungwa mkononi. "Mpelekee mtoto."

Hakujua alivyopita Darajani. Alimkuta Silima kizingitini anamtafuta, na alipomwambia kuwa Mzee anamwita, uso wa mumewe ulifunguka wote.

"Sasa naweza kukwambia," alisema Silima. "Nilikatazwa, mke wangu, ulimi ulikuwa unanichoma. Nipe ile kanzu ya Idi."

"Kasema uende na Msabah."

"Vizuri. Anataka kutupatanisha, asibaki mtu na kinyongo. Mzee huyu ana akili."

Mwanakheir aliitoa kanzu sandukuni. Alitaka kusema, akatafuta neno la kuanzia, na kila alilolishika lilianza na yeye mwenyewe. Akamfunga vifungo vya shingoni. Mara mbili alikosea tundu, na Silima akamshika mkono akacheka, akidhani ni furaha.

Silima akamwita Msabah nyumba ya pili, naye akatoka na kofia mpya. Wakashikana mikono kama walivyozoea tangu wadogo, wakaifuata njia ya Malindi wakitaniana nani atamnunulia mwenzake kahawa, na Mwanakheir akabaki mlangoni, mkono kinywani, mpaka walipokata kona.