Brusela ya Kila Mtu

Maneno yalikuwa yamezagaa mtaa wa Noonkopir kwamba kuna mama fulani, hakuna aliyejua jina lake, aliyemwachisha mtoto sindano za brusela, homa ya maziwa mabichi, kabla hazijaisha, na mtoto akapooza kuanzia kiunoni. Mukai aliyasikia kwa fundi wa viatu, akayasikia kanisani, akayasikia tena kwa Nduta jirani yake, na kila mara mtoto alikuwa wa umri tofauti. Hata hivyo hayakumtoka. Akikata sukuma kwa kibanda chake yako naye, akiosha vyombo yako naye. Kwa sababu Katee, bintiye wa miaka tisa, alikuwa amedungwa sindano nne kati ya kumi na nne, na hakuwa anapona.

Mambo yalianza kwa goti. Katee alitoka shule akichechemea, mwili moto, goti limefura linang'aa. Mukai akampeleka kwa kemisti, duka la dawa la Gitonga, ambaye watu wa mtaa humwita daktari kwa sababu ana koti jeupe. Gitonga alitoa tone la damu kidoleni, akalichanganya na tone la dawa kwa kigae cheupe, akakitikisa kigae huku na huku, akatazama kama kuna chembechembe.

"Brusela," akasema. "Nyinyi na haya maziwa ya Kajiado! Sindano kumi na nne, moja kila siku, na usikose hata moja."

Siku ya nne goti lilinywea. Mukai akashukuru Mungu kwa sauti. Asubuhi iliyofuata kifundo cha mguu wa pili kikavimba, Katee akashindwa kuvaa kiatu, na akipanda ngazi za ploti wanakoishi anasimama katikati kutafuta pumzi.

Akampigia simu mumewe, Kisilu, anayevunja mawe machimboni Kiserian.

"Wewe maliza sindano," Kisilu akasema. "Daktari ni wewe ama ni Gitonga?"

"Gitonga si daktari."

"Na wewe je?"

Mukai akakata simu. Yeye aliishia darasa la nane. Lakini kuna jambo lilikuwa linamkwaruza. Siku zote alizokaa kwenye benchi la kemisti alikuwa anasikiliza. Fundi wa kuchomelea, brusela. Msichana wa saluni, brusela. Mzee wa kikohozi, brusela. Hakuwahi kumwona mtu akitoka pale bila brusela.

Akagonga kwa Nduta. "Mama Githinji, vaa viatu twende tupimwe."

"Nipimwe nini na siumwi?"

"Ndio maana nakutaka wewe. Maziwa unakunywa?"

"Mimi? Tumbo langu lilikataa maziwa kitambo. Chai yangu ni ya rangi mpaka pasta ananihurumia."

"Basi twende."

Gitonga aliwaona akaweka simu chini. "Mnaumwa wapi?"

"Wewe pima tu," Mukai akasema.

Vidole vikachomwa, kigae kikatikiswa. Gitonga akainua uso kama mtu anayeleta habari za msiba.

"Nyote wawili mko nayo. Na yako, Mama Githinji, imezidi ya mwenzako."

"Yangu?" Nduta akasimama wima. "Imeingilia mlango gani?"

"Maziwa."

"Maziwa ya nani? Asubuhi nimebeba gunia la viazi kwa mgongo, saa hii niko na brusela kuliko ng'ombe mwenyewe!"

Benchi zima likacheka. Mukai hakucheka.

"Gitonga, kuna mtu ushawahi kumpima ukakuta hana?"

"Mama Katee, kazi yako ni kuuza sukuma. Usinifunze yangu."

"Sikufunzi, nauliza. Hiyo kitu ikisema ndiyo kwa kila mtu, itamjuaje mgonjwa?"

Gitonga akafunga kigae kwa kitambaa, taratibu. "Sawa. Mtoe mtoto kwa sindano. Akipooza usije hapa kulia."

Maneno yale yalimpiga Mukai palepale alipokuwa anaumia tangu mwanzo. Je, kama Gitonga ako sawa? Na kama hayuko sawa, ni nini hicho kinachotembea ndani ya mtoto wake huku wao wanahesabu sindano?

"Niandikie majina ya dawa zote umemdunga," akasema. "Na tarehe. Siondoki bila karatasi."

Alisimama mlangoni na mikono kiunoni mpaka akaandikiwa.

Siku hiyohiyo alimbeba Katee mgongoni, msichana mkubwa miguu ikining'inia, mpaka stendi ya matatu, wakaenda hospitali kule Kajiado. Walipokelewa na Naliaka, daktari wa tiba ya familia, mwanamke mfupi anayeongea polepole. Alisoma karatasi ya Gitonga, akaiweka kando, akauliza maswali kabla hajagusa sindano yoyote. Hilo pekee lilimshangaza Mukai.

"Maumivu yako mahali pamoja?"

"Yanahama kama mpangaji, daktari. Goti likipona, kifundo kinashika."

"Na kabla ya goti, wiki mbili tatu nyuma, koo lilimuuma?"

Mukai akainama. Lilimuuma. Alimpa maji ya chumvi asukutue, akampa vidonge viwili vya antibayotiki vilivyobaki kwa droo, akamrudisha shule kwa sababu ilikuwa wiki ya mtihani.

Daktari hakumgombeza. Aliweka chombo chake cha kusikilizia kifuani mwa Katee, akasikiliza muda mrefu, akamlaza ubavu, akasikiliza tena. Wakalazwa. Damu ikatolewa kupima alama za wadudu wa koo, moyo ukapigwa picha. Brusela nayo ikapimwa, kwa njia nyingine. Haikuwepo.

"Ni homa ya rumatiki," Naliaka akasema. "Wadudu wa koo walipita, lakini mwili uliwapiga vita mpaka ukajipiga wenyewe, viungo na moyo. Ndani ya moyo kuna mlango haufungi sawasawa. Unavuja kidogo, si sana. Tusipoulinda, kila koo likiuma tena utaharibika zaidi."

"Unaulindaje?"

"Sindano ya penisilini. Kila wiki nne, kwa miaka mingi, pengine mpaka awe mtu mzima."

Katee akaanza kulia. "Mami, ulisema sindano zimeisha!"

Mukai alimtazama daktari machoni. "Hizo kumi na nne nilizikatiza katikati. Hii nitaikubalije? Nionyeshe umejuaje."

Naliaka akavuta kiti, akamwonyesha picha ya moyo, akampa chombo asikilize mwenyewe. Kwanza Mukai akasikia pigo, kisha katikati ya mapigo akasikia upepo mwembamba, fuu, kama unaopita chini ya mlango. Akakirudisha chombo. Akamshika bintiye mkono.

"Mdunge," akasema. "Nimesikia."

Viungo vya Katee vilitulia ndani ya siku chache. Moyo wake utaangaliwa mwaka hadi mwaka, hakuna aliyemdanganya Mukai kwamba umepona. Kwa hiyo alinunua karatasi ya manila na kalamu nene, akaandika, akaibandika mbele ya kibanda, juu ya nyanya, mahali kila mtu anasimama.

Gitonga alikuja siku ya pili yake. "Toa hiyo. Unaniharibia kazi."

"Jina lako liko wapi hapo?"

Akasoma tena. Halikuwepo.

"Basi umejijuaje? Kama hununui sukuma, songa, kuna watu nyuma yako wanasoma."

Na walikuwa wanasoma, Nduta mbele yao, kwa sauti:

WAZAZI, EPUKENI HAYA
Usidharau koo la mtoto. Likiuma na joto, apelekwe hospitali.
Usimpe vidonge vya kubaki kwa droo. Akipewa dawa ya koo, amalize zote.
Usikubali kipimo kimoja cha kila ugonjwa. Uliza: kinakosea mara ngapi?
Usikubali sindano bila jina la dawa kwa karatasi.
Usiache dawa kimyakimya ukakaa nyumbani. Ukiwa na shaka, peleka mtoto kwa daktari mwingine siku hiyohiyo.
Maumivu yakihama kiungo hadi kiungo, ama mtoto akikosa pumzi, usingoje kesho.
Usinywe maziwa mabichi. Brusela iko, lakini si kila homa ni brusela.
Usiruke sindano ya moyo ya kila wiki nne, hata kama mtoto anacheza mpira.
Usiogope kuuliza eti kwa sababu hukusoma.