Taa Iliyozimika Vizuri

Mimi ni fundi umeme wa magari, mwaka wa thelathini na moja sasa, na simwamini mtu. Wanangu hunitania kwamba hata saa ya ukutani naigonga kwanza ndipo niitazame. Wacheke tu. Lakini binti yangu alipoligonga tela la lori lililoharibikia barabarani, gari likakunjika pua mpaka kwenye tairi, na mfuko wa hewa wa kwenye usukani ukabaki umelala palepale kana kwamba hayauhusu, hakuna aliyecheka. Mkanda ndio uliomwokoa. Alivunjika mkono na usukani ukampasua mdomo.

Gari lile alilinunua mkwe wangu, miezi mitatu nyuma, kwa mwalimu mwenzake. Akaja gereji na maelezo tayari mdomoni.

"Baba, mifuko hii haifumuki kila gari likiguswa. Ukigongwa kwa nyuma, haifumuki. Ukigonga polepole, haifumuki. Labda mwendo ulikuwa mdogo."

Yote hayo ni kweli, na hapo ndipo roho yangu ilipokataa. Mwalimu wa jiografia kayajulia wapi haya, tena ndani ya siku mbili? Nikamtazama tu. Alikuwa na jasho puani. Nikajisemea, huyu kauza mfuko, maana una wateja, akamkalisha mwanangu mbele ya usukani mtupu.

Binti alikuwa kwangu tangu atoke hospitali. "Nikikuta mfuko haupo," nilimwambia asubuhi ile, "hurudi kwa mtu huyu. Nguo zako zinafuatwa leo hii." Alikaa kwenye benchi la gereji, mkono umening'inizwa shingoni, akimwangalia mumewe.

Gari lilikuwa limevutwa mpaka kwangu. Nikaliwekea betri, nikaanza na taa. Kwenye dashibodi kuna kitaa chenye picha ya mtu aliyekaa na mpira mbele yake. Ukifungua swichi kinawaka, gari linajipima lenyewe, likiona mambo sawa kinazimika. Kikawaka, kikakaa sekunde sita, kikazimika vizuri. Nikachomeka mashine ya kupimia. Hakuna hitilafu, ikasema.

"Unaona, baba?" mkwe akadakia. "Gari lenyewe linasema ni zima."

"Gari linasema linachoambiwa," nikamjibu.

Nikachomoa betri, tukangoja dakika kumi, maana mfuko mzima ukikufumukia usoni umeuinamia, hutasimulia. Kisha nikalegeza skrubu mbili nyuma ya usukani, nikavuta kifuniko. Kilikuja chepesi. Ndani palikuwa patupu.

Hasira ikanipanda mpaka masikio yakaziba. Nilimwita mkwe wangu mwuaji mbele ya mkewe. Nikasema na huyo fundi aliyemfanyia kazi hii, popote alipo, mikono yake ikauke.

"Haki ya Mungu sijui kitu, baba," alisema, macho chini.

"Utajua sasa hivi."

Nikazivuta waya za njano zitoke nje, ushahidi auone. Mwishoni, pale mfuko unapochomekwa, palikuwa na rezista, kidude kidogo kama punje ya mchele, kinachoidanganya kompyuta ya gari iamini mfuko upo. Kazi safi. Maungio yamefungwa kwa plasta nyeupe ya hospitali, mizunguko mitatu, ncha imekunjwa kwa ndani.

Mafundi wote ninaowajua wanafungia utepe mweusi. Mimi siupendi, joto linauyeyusha unaacha gundi. Nafungia plasta ya hospitali, mizunguko mitatu, na ncha naikunja ili siku nikirudi niikamate kwa ukucha.

Nikamkumbuka dalali mmoja wa zamani. Alikuwa akiniletea magari yaliyokwisha kupata ajali, mifuko imeshafumuka na kutupwa. Hakutaka mifuko mipya. Alitaka taa izimike apate kuyauza, nami nikawa naizima. Nilijiambia mimi ni mtu wa taa, mengine si kazi yangu.

Nikakaa kwenye kiti cha dereva na ile waya mkononi. Binti akainuka, akaja. Plasta ile anaijua, utotoni alikuwa akinikatia kwa meno. Akaipapasa ncha kwa mkono wake mzima, akaitazama mikono yangu.

"Mwombe mume wangu msamaha, baba," alisema. "Halafu uniambie yalikuwa magari mangapi."

Nikamwomba. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani. Mkwe akasema yamepita, akaufungua mlango wa pili, akamkalisha mkewe.

Swali la pili nikaanza kulijibu kwa vidole. Jeupe lililokwenda kwa yule nesi. La buluu la fundi cherehani na watoto wake. Vidole kumi vikaisha, na nilikuwa bado niko kwenye mwaka wa kwanza.