Mashine ya Jimale na Ubao wa Njogu

Tangu Jimale alete mashine ya gemu dukani kwake Makadara, Njogu seremala hakuwa na raha. Kabla ya hapo Jumapili ilikuwa yake. Watu wakitoka kanisani walijaa kibandani kwake, wakauzunguka ubao wake wa drafti na vifuniko vya soda, wakamtazama akimla Opiyo. Opiyo, mfanyakazi wa reli, alikuwa rafiki yake wa miaka mingi, na hakuwahi kumshinda hata mara moja. Akiliwa alisema tu, "Panga ingine, buda," wakaanza upya.

Sasa Opiyo alishinda kutwa kwa Jimale akipiga risasi madude ya kwenye kioo, umati wote ukiwa nyuma yake. Njogu aliona kijicho, tusifichane. Ila hakujua kama anamwonea Opiyo kwa kupata umati, au anaionea mashine kwa kumpata Opiyo.

Mtaani husemwa mwenye wivu ajinyonge. Njogu hakuwa wa kujinyonga, akaenda kucheza. Akatumbukiza sarafu, akasogeza ndege yake ya kwenye kioo kidogo, kisha akaondoa mkono, akashika kidevu, akangoja mwenzake naye acheze. Ndivyo drafti ilivyomlea. Mashine ikammaliza kidevu kikiwa bado mkononi, na duka zima likacheka. Aliyecheka zaidi ni Opiyo.

"Hiyo haingojangi mtu, buda," akamwambia, akamsukuma kando kwa bega bila hata kumtazama.

Kila dude lilipolipuka mashine ililia pii, na kila ilipolia uso wa Opiyo uling'aa. Hapo ndipo Njogu alipoumia hasa. Kwenye drafti yake mtu alivumilia saa nzima ndipo ale vifuniko viwili, na hakuna aliyempigia pii.

Jumapili moja stima ikapotea, mashine ikazima, Opiyo akaja kibandani. Njogu alipanga vifuniko kwa furaha. Lakini huyu hakuwa Opiyo yule. Goti lilimchezacheza, kidole kilikuwa tayari juu ya kifuniko kabla Njogu hajamaliza kufikiri. Haraka hiyo ikamvuruga Njogu, naye akaingia mtegoni mzimamzima. Opiyo akafikisha kifuniko mwisho wa ubao, akapata kingi, kisha nyingine, na kila njia ya Njogu ikawa ya kuliwa. Aliona kushindwa kwake kumefika, na moyoni alikubali, mradi anayemshinda ni Opiyo, na mradi amekaa pale.

Mara ng'ambo ya barabara mashine ikalia pii. Stima ilikuwa imerudi. Opiyo akainuka.

"Maliza kwanza," Njogu akasema. "Umenishinda, si unaona?"

Opiyo akautazama ubao kama mtu anayeulizwa habari za jirani asiyemjua.

"Ni sawa, buda. Chukua tu ushindi wewe," akasema, na huyoo, akavuka barabara mbio kuwahi foleni.

Njogu, ambaye Makadara nzima hakuna aliyewahi kumshinda, akaona machozi yanamlenga.