Mgombea wa Tatu wa Polwithen

Ifahamike kwa wote wenye masikio kwamba jimbo tukufu la Polwithen, huko Cornwall, Uingereza, lilipeleka wabunge wawili London kwa miaka mia mbili na sabini, wala halikupata kukosea katika uchaguzi hata mara moja. Halikukosea kwa kuwa halikuchagua. Lodi Penhallick alitaja majina mawili, meya akayasoma, bendi ikapiga, watu wakala nyama ya bure, na wabunge wakaendelea kuishi mbali bila kujua Polwithen iko upande gani wa ramani. Historia yote ya uchaguzi wake ingeenea kwenye ukucha mmoja na nafasi ikabaki.

Si kwamba haki ya kura haikuwepo. Ilikuwepo, tena kwa sharti la ajabu: mpiga kura awe mwanamume mwenye meko yake na chungu chake. Ndiyo maana kila uchaguzi ulipokaribia wanaume walitoa vyungu barabarani, wakavichemsha mbele ya milango yao ili majirani washuhudie. Wakishachemsha, hakuna aliyewauliza kitu. Walikula viazi vyao, wakarudi ndani.

Mwaka 1820, miaka kumi na miwili kabla Bunge halijalifuta jimbo hilo, Digory Nance, mwana wa meya, alikuwa nyumbani. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitano, na shule yake ya bweni ilikuwa imefungwa kwa sababu ya surua. Alfajiri moja alibandika tangazo kwenye mlango wa kanisa. Liliwajulisha wananchi kwamba Mheshimiwa Peregrine Tallack, rafiki wa wanyonge na adui wa matope, anagombea ubunge. Kwamba atachimba upya kisima cha soko. Na kwamba, jambo lisilosikika tangu dunia iumbwe, ataishi humohumo Polwithen.

Digory alitarajia kicheko cha siku moja. Kufikia adhuhuri vyungu sitini vilikuwa vinatokota barabarani, na mtu hakuweza kumwona jirani yake kwa mvuke.

Alikwenda kukagua kazi ya mikono yake, akasimama kwa Hender Kitto, fundi viatu wa miaka themanini na moja, aliyekuwa amejikunja kando ya chungu chake huku akikohoa.

"Umelisoma tangazo, Mjomba Hender?" aliuliza, uso wake kama wa padri.

"Nimesomewa. Mara mbili. Kaa huku, unanizibia upepo."

"Na unamwamini huyo Tallack?"

"Nani kakwambia namwamini? Mimi nataka kuulizwa tu. Chaguzi kumi na moja nachemsha viazi mbele za watu kama mwendawazimu, hajatokea mtu wa kuniambia, 'Kitto, wewe wamtaka nani?'"

Binti yake, Jenifer, alitoa kichwa dirishani. "Muulize nyumba hii ni ya nani, Digory. Mimi hanisikii."

Nyumba ilikuwa ya Lodi, kama zilivyokuwa nyumba zote za mtaa ule. Msimamizi wake, Bwana Crouch, alikuwa amekwisha kupita mlango kwa mlango akieleza kwa upole mwingi kwamba kura hutolewa kwa sauti, na kwamba atakayetaja jina lisilo la Lodi atakuta vitanda vyake barabarani kabla ya jua kuchwa.

"Nitapata nyumba nyingine," alisema mzee.

"Wapi, baba? Kaburini?"

"Huko nako kodi nafuu."

Digory alicheka, kisha akachungulia mlangoni, akakiona kitanda cha mzee. Alijifariji kwamba mgombea asiyetokea si mgombea. Siku ikifika ataitwa, hataitika, na mambo yataishia hapo. Shuleni walikuwa wamemfundisha sheria zote za Roma ya kale na si hata moja ya Polwithen.

Siku ya uchaguzi meya alipanda jukwaa la mbao sokoni, akasoma majina mawili ya Lodi, akauliza kama kuna jingine. Hender aliinua mkono, akamtaja Tallack. Jory Angwin, mwoka mikate, akamuunga mkono, "kwa ajili ya kisima." Wawili walitosha, mgombea mwenyewe hakulazimika kuwepo. Bwana Crouch akatabasamu, akafungua daftari.

Meya alitaka kulinakili jina sawasawa, hivyo akaletewa tangazo, ambalo mvua ilikuwa imelibandua mlangoni. Alilisoma. Kisha akaligeuza. Nyuma, kwa mwandiko uleule, palikuwa na mistari arobaini ya adhabu: *Sitamwigiza mwalimu mkuu akikohoa.* Chini kabisa, kama sheria ya shule ilivyotaka, palikuwa na jina: Nance, D.

Digory aliyaona macho ya baba yake yakimtafuta katika umati, yakimpata. Meya alikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni. "Jina limepokelewa," alisema kwa sauti ya kiserikali. "Mpiga kura wa kwanza."

Kijana akatambua kwamba amekwisha kuokolewa, na kwamba atakayelipia wokovu huo anapanda ngazi wakati ule, kofia mkononi, nywele zimechanwa kwa maji.

"Hender Kitto, mwenye meko," alisema karani. "Wewe wamtaka nani?"

Mzee alilifyonza swali lile kama mtu aliyepewa mfupa wenye uboho. Jenifer alijifunika uso kwa aproni. Bwana Crouch alilowesha ncha ya penseli kwa ulimi.

"Mimi namtaka..."

"Mjomba, ngoja." Digory alikuwa tayari katikati ya ngazi, na sauti yake, iliyokuwa ikivunjika mwaka ule, ilitoka nyembamba kama filimbi. "Usimtaje. Hayupo."

"Najua hayupo. Njia mbovu. Atafika."

"Hafiki. Igeuzeni ile karatasi, iko mfukoni mwa baba. Maandishi ya nyuma ni yangu, ya mbele ni yangu. Tallack hajawahi kuzaliwa. Nimemtunga mimi."

Bwana Crouch alifunga daftari kwa masikitiko.

"Na kisima?" aliuliza Hender.

"Kisima pia."

"Kwa nini, mwanangu?"

Digory alitafuta sababu yenye heshima, kama inavyompasa kijana aliyesomeshwa kwa gharama, akaikosa.

"Mvua ilikuwa inanyesha, Mjomba," alisema. "Sikuwa na la kufanya."